Saa Tisa ya Nani? Maisha ya Deusdedit Wambura Magesa, 1947–2025

Familia ya Wambura Magesa wa Nyarukongo, Musoma, pamoja na familia ya Ngalula wa Lubumbashi, inawashukuru nyote mliofika. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na Method Wambura, mdogo wake marehemu, kwa masharti mawili ambayo marehemu mwenyewe aliyaacha kwa maandishi: kwanza, usizidi ukurasa mmoja, pili, kila saa itakayotajwa ndani yake ielezwe ni saa ya nani. Sharti la pili limetimizwa.

Deusdedit alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 6 Machi 1947, katika kijiji cha Nyarukongo, wilaya ya Musoma, ambayo wakati huo ilikuwa katika Jimbo la Ziwa la Tanganyika. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watatu wa Mzee Wambura Magesa, mkulima na mfugaji, na Mama Theresia Nyabise. Alibatizwa Jumapili iliyofuata, akiwa na umri wa siku tatu, na Mama Theresia alikuwa akisema kwamba hiyo ndiyo haraka ya kwanza na ya mwisho iliyopata kufanyika katika nyumba ile. Waliomfahamu Deusdedit ukubwani watashangaa kusikia hivyo, kwa maana yeye alikuwa akifika kila mahali nusu saa kabla ya wakati. Sababu yake imo katika maelezo yanayofuata.

Alianza darasa la kwanza katika shule ya misheni ya Nyarukongo mwezi Januari 1954. Kwa kuwa Mzee Wambura hakujua kusoma, na Mama Theresia alijua sala tu, mtoto huyo alipofika darasa la pili akawa msomaji rasmi wa nyumba. Alisoma barua, stakabadhi za kodi, na hata magazeti yaliyofungiwa sukari. Mzee Wambura alimwita "mwalimu wangu" mbele ya wageni, jambo ambalo mwalimu halisi wa kijiji hakulipenda hata kidogo. Mwaka 1957, akiwa darasa la nne, Deusdedit alianza kufundishwa Kiingereza, na kufikia mwezi wa Agosti aliweza kuhesabu kwa lugha hiyo hadi mia bila kupumzika.

Mwaka huohuo ilianza kutumika sheria iliyorekebisha utaratibu wa mashauri ya jinai. Ni lazima ielezwe hapa, kwa sababu marehemu aliijua kwa moyo na aliinukuu hata kwenye harusi za watu. Kabla ya marekebisho, siku ya baraza washtakiwa na mashahidi walifika alfajiri, wakaketi, na kila mtu akaitwa shauri lake lilipofikiwa. Katika utaratibu huo hapakuwa na mchelewaji. Baada ya tarehe 1 Julai 1957, kila shauri lilipangiwa saa yake, ikaandikwa kwenye hati ya kumwita mshtakiwa. Mshtakiwa aliitwa mara tatu mlangoni, na asipoitika shauri lilisikilizwa bila yeye na hukumu ikatolewa. Kifungu cha tano kiliacha mlango mdogo. Aliyehukumiwa hivyo, akifika siku ileile na kutoa sababu ya kuridhisha, hukumu yake ilifutwa na shauri likaanza upya, na sababu yake ilipaswa kuandikwa kwa maneno yake mwenyewe. Kifungu cha sita kilimhusu asiyejua kusoma: mtu aliyemsomea hati aliandika jina lake nyuma ya nakala, na akibainika kuwa aliipotosha maana aliadhibiwa. Kama ni mtoto, adhabu ilikuwa viboko.

Mapema mwezi Septemba tarishi wa Boma la Kirogwe alifika Nyarukongo na hati ya Mzee Wambura. Alishtakiwa kwa kupitisha maksai wawili katika eneo lililofungwa kwa ugonjwa wa ng'ombe. Mzee hakuwa na wasiwasi, kwani alikuwa na kibali cha kupita, kimekunjwa ndani ya kopo la tumbaku. Alimwita mwalimu wake. Hati ilikuwa ya Kiingereza. Deusdedit aliisoma mbele ya majirani, akatafsiri kwa sauti ya darasani, akatamka siku, Jumanne, tarehe 17 Septemba, na saa: saa tisa. Kisha akaandika jina lake nyuma ya nakala ya tarishi kwa herufi kubwa.

Siku hiyo Mzee Wambura aliondoka nyumbani saa tano, saa ya jua kama tulivyoizoea, akatembea kwa muda wa saa tatu, akafika Kirogwe saa nane mchana. Kwa hesabu yake alikuwa amewahi kwa saa nzima. Kwa hesabu ya boma alikuwa amekwisha kuhukumiwa tangu asubuhi, saa tatu yetu, ambayo kwa Waingereza ni saa ya tisa. Alifungwa wiki sita, akavunja kokoto za barabara, na kibali chake hakikutazamwa na mtu. Aliporudi, kijiji kilikuwa kimekwisha kumpa jina. Akawa Mzee Saa Tisa hadi alipofariki mwaka 1979, na sisi tukawa watoto wa Saa Tisa. Aliyechelewa kanisani aliambiwa amezaliwa kwa Saa Tisa. Kuku aliyewika jioni aliitwa kuku wa Saa Tisa.

Deusdedit alikuwa na umri wa miaka kumi. Tangu siku ile alibeba swali moja, ambalo kwa muda mrefu hakumwambia mtu yeyote isipokuwa mdogo wake: karatasi ile iliandikaje? Je, karani wa boma alikosea kuandika saa, au mwalimu mdogo wa Nyarukongo alikosea kuisoma? Hati yenyewe ilibaki Kirogwe, na yeye, kwa aibu na hofu, hakuweza tena kukumbuka alichokiona na alichodhani amekiona. Jambo moja alilikumbuka vizuri. Siku Mzee Wambura aliporudi kutoka kifungoni, kabla hata ya kunawa, alitoa mfukoni barua ya shemeji yake iliyomkuta njiani, akampa mtoto.

"Soma."

Mtoto akasema ampelekee mwalimu wa shule.

"Huyo mwalimu ni wa shule. Mimi wangu ni wewe. Soma."

Akasoma. Na hakuna barua iliyoingia katika nyumba ile baada ya hapo ambayo Mzee Wambura alimpa mtu mwingine aisome, hadi Deusdedit alipoondoka nchini. Usiku wa kuamkia safari hiyo alijikaza, akamwuliza baba yake waziwazi ile karatasi ilikuwa imesemaje. Mzee alicheka, akamwambia, "Wewe soma zilizobaki."

Alimaliza shule ya kati mwaka 1961 na sekondari mjini Mwanza mwaka 1965. Mwaka 1967, baada ya mafunzo, aliajiriwa kuwa karani na mkalimani wa mahakama, akafanya kazi hiyo Musoma na Mwanza kwa miaka minane. Wakubwa wake walimsifu kwa bidii. Hawakujua kwamba kila alipohamishiwa masjala mpya, jambo la kwanza alilofanya wakati wa chakula cha mchana lilikuwa kutafuta majalada ya Kirogwe ya mwaka 1957. Aliambiwa kwamba yalikwisha kuhamishwa. Kila mahali aliambiwa hivyo, kwa adabu.

Tarehe 12 Januari 1975, siku ya Jumapili, alifika Stockholm kwa masomo ya miaka miwili ya utunzaji wa nyaraka. Jumatatu yake aliambiwa afike darasani "halv nio." Nio, kamusi ilimwambia, ni tisa, halv ni nusu, na kwa Kiingereza alichofundishwa, nusu na tisa ni saa tisa unusu ya Kizungu. Akafika nusu saa kabla, akiwa amevaa tai, akakuta somo linaendelea na viti vyote vimejaa. Hapo ndipo alipojifunza kwamba Mswidi akitaja nusu anaitaja saa ambayo haijafika: halv nio ni saa mbili unusu yetu. Siku hiyohiyo alimwandikia mdogo wake kadi yenye maneno haya tu: "Tisa imenifuata mpaka hapa. Leo nami nimechelewa. Usimwambie Mzee." Mdogo wake alimwambia Mzee, na Mzee alicheka siku mbili.

Tangu wakati huo alivaa saa mbili mikononi, ya kushoto ikiwa ya Nyarukongo na ya kulia ya Stockholm. Rafiki yake mpenzi, Bwana Khalfan wa Fittja, kitongoji cha jiji hili, mzaliwa wa Tanga, aliyejitawaza mwenyewe kuwa mtani wa ukoo wetu bila kuulizwa, alimwambia, "Deo, mtu mwenye saa moja anajua ni saa ngapi. Wewe mwenye mbili unabahatisha." Marehemu alimjibu kwamba mtu mwenye saa moja hajui kwamba anabahatisha. Mabishano hayo, yaliyoanza mwaka 1977, yalidumu miaka arobaini na minane.

Baada ya masomo alibaki Stockholm, na kuanzia mwaka 1979 hadi alipostaafu mwaka 2014 alikuwa mkalimani wa Kiswahili katika mahakama na ofisi za jiji. Kazi hiyo aliifanya kwa heshima kuu, na kwa swali moja ambalo mahakimu walilizoea hata wakalitabasamia. Shahidi yeyote alipotaja saa, marehemu aliinua mkono, akaomba ruhusa ya mahakama, akamgeukia shahidi na kumwuliza, "Saa hiyo ni ya nani?" Mwaka 1988 alishtakiwa Bwana Njuguna, Mkenya wa Alby, kwa wizi uliofanyika dukani saa mbili usiku kwa hesabu yetu. Katika maelezo yake ya mwanzo mkalimani mwingine alikuwa ameandika kwamba Bwana Njuguna alisema alikuwa akifua nguo "klockan två," yaani saa nane yetu, na kwa saa hiyo ya Kiswidi, iwe ya mchana au ya usiku wa manane, chumba cha kufulia hakikuwa na jina lake. Marehemu aliinua mkono.

"Bwana Njuguna, saa mbili ya nani?"

"Ya watu wote, Mzee! Saa mbili. Watu wakishakula."

Daftari la chumba cha kufulia, ambalo hapa kila mpangaji hujiandikisha kwa saa yake na kulinda zamu hiyo kuliko anavyolinda mlango wa nyumba, likaletwa. Jina lake lilikuwapo, saa ishirini kamili kwa hesabu ya Kiswidi, na jirani aliyemfuata kwenye zamu akakumbuka kwa uchungu kwamba alizidisha dakika kumi. Bwana Njuguna aliachiwa huru. Hadi leo yeye husema kwamba yeye ndiye mtu pekee Alby aliyeokolewa na soksi.

Ndoa yake nayo ilianza kwa saa. Mwaka 1981, katika kwaya ya Kiswahili ya parokia, alikutana na Dada Colombe Ngalula, aliyetoka Lubumbashi na kufanya kazi ya kuhudumia wazee. Alimwomba wakutane Jumamosi kwenye ringen, lile duara la stesheni kuu ambapo kila mtu wa Stockholm humngojea mwenzake. Wakakubaliana saa kumi. Hawakuonana. Jumapili iliyofuata, kwaya nzima ilisimamisha mazoezi ili isikilize.

"Monsieur Déo, nilikungoja tangu saa kumi mupaka midi. Midi! Hata train ya Kamina haichelewe hivi."

"Dada Colombe, mimi nilikuwapo tangu saa tisa unusu. Nimesimama mpaka miguu imekufa ganzi."

"Saa tisa unusu mi nilikuwa ndani ya bus, nakuja! Ungeniona wapi?"

Marehemu akatazama mkono wa kushoto, kisha wa kulia.

"Dada, saa tisa ya nani?"

"Ya kwetu. Mko na ingine?"

Walikuwa nayo nyingine. Kumbe Lubumbashi husema Kiswahili lakini huhesabu saa kama Wabelgiji; saa kumi ya Dada Colombe ilikuwa asubuhi, na midi yake adhuhuri, na saa kumi ya Deusdedit ilikuwa alasiri. Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 28 Agosti 1982, na kadi ya harusi ilichapwa ikiwa na saa za aina tatu, ya Nyarukongo, ya Lubumbashi na ya Stockholm, zote zikiwa na maana moja. Hivyo ndivyo zilivyochapwa kadi zote za nyumba yao, za ubatizo, kipaimara na jubilei, na wageni wa Kiswidi walidhani ni sherehe tatu. Waliishi hapa Stockholm, mtaa wa Hagsätra, kuanzia mwaka 1983, na mwaka 1984 Mungu aliwajalia binti, Rebecka, ambaye leo kazi yake, katika mahakama moja ya jiji hili, ni kupanga tarehe na saa za vikao. Marehemu alisema hakumchagulia kazi hiyo. Alikiri tu kwamba aliiombea. Mjukuu wake Aida, aliyezaliwa mwaka 2012, akimwuliza, "Morfar, vad är klockan?", yaani babu, ni saa ngapi, alijibiwa kwa Kiswahili, "Ya nani?" Naye alijibu kwa Kiswidi, "Din, morfar. Alltid din," yaani yako, babu, daima yako.

Mwezi Oktoba 2023 madaktari waligundua kwamba moyo wake umechoka. Alikuwa tayari amenunua tiketi ya kwenda Tanzania, kwa sababu alikuwa amepata barua kutoka hifadhi moja ya nyaraka: vitabu vya Kirogwe vilikuwa vimeonekana, katika kasha lililoandikwa jina la wilaya nyingine. Daktari alimkataza kusafiri. Wale waliomtembelea majira yale ya baridi watakumbuka kwamba ndiyo mara ya pekee walipomwona hana mzaha. Alimwambia mkewe, "Nimeingojea karatasi moja tangu nina miaka kumi, Colombe. Sasa imefika mlangoni, na mimi ndiye sitembei." Ndipo alipowaambia, yeye na Rebecka, kwa mara ya kwanza, kwamba ni yeye aliyemsomea Mzee.

Katika likizo ya shule ya mwezi Februari 2024 Rebecka alimchukua Aida, akasafiri kwenda Tanzania. Jumatano, tarehe 28 Februari, saa saba mchana kwa saa ya mkono wa kushoto, marehemu alikuwa jikoni Hagsätra pamoja na mkewe na Bwana Khalfan. Simu ililia. Ujumbe ulisema, "Pappa, sitt ner," yaani baba, keti. Alikuwa ameketi. Akasimama, kisha akaketi tena ili atii. Zikaja picha tatu.

Ya kwanza ilikuwa hati yenyewe. Saa iliandikwa kwa mashine, waziwazi, tarakimu ya tisa, na baada yake herufi mbili ndogo ambazo kwa Kiingereza humaanisha kabla ya adhuhuri, na ambazo darasa la nne la Nyarukongo lilikuwa halijafundishwa. Karani hakukosea. Ya pili ilikuwa nyuma ya nakala: *Deusdedit Wambura, mwanafunzi*, kwa herufi kubwa zinazopanda mlima.

Alizitazama picha hizo mbili kwa muda mrefu. Bwana Khalfan, ambaye utani wake haujui likizo, alisema kwa upole, "Basi, Deo. Kumbe Saa Tisa mwenyewe ndiye wewe. Miaka yote tumemsingizia mzee wa watu."

"Fungua ingine," alisema Mama Colombe. "Iko ya tatu."

Ya tatu ilikuwa ukurasa wa kitabu cha mashauri. Bwana Shauri, yaani mkuu wa boma, aliyekuwa hakimu, aliandika kwa Kiingereza kwamba mshtakiwa amefika mchana, ameelezwa kifungu cha tano, na ameulizwa ni nani aliyemsomea hati, na kama huyo msomaji aliisoma sawasawa. Chini yake, kwa kuwa sheria ilitaka maneno ya mtu mwenyewe, uko mstari mmoja wa Kiswahili, ndio pekee katika ukurasa ule: *Karatasi ilisomwa vizuri. Aliyechelewa ni mimi.*

Mzee Wambura alikuwa ameshaambiwa hapo barazani hati inasema saa ngapi. Jina la msomaji lilikuwa mbele ya hakimu. Kibali cha maksai kilikuwa mfukoni mwake, katika kopo la tumbaku. Angesema maneno machache tu, angelala nyumbani kwake siku ileile, na mtoto wa miaka kumi angelala kifudifudi barazani kwa viboko. Alichagua wiki sita na jina la maisha.

Mama Colombe anasimulia kwamba mumewe alilia, kisha akacheka, kisha akafanya yote mawili kwa pamoja mpaka mkewe akaogopa kwa ajili ya ule moyo. Alipopata pumzi alisema, "Mzee hakuchelewa hata kidogo, Khalfan. Nimechelewa mimi. Ndiyo kwanza nimefika."

"Karibu," alisema Khalfan. "Chai bado ya moto."

Watu wengi wangefunga jambo hilo hapo. Marehemu alilifungua. Wiki iliyofuata alibadilisha kibao cha jina mlangoni kwake kikasomeka *D. Wambura Saa Tisa*, na mwenye kugawa barua alimwuliza Mama Colombe kama wamepata mpangaji. Alimpigia simu dada yetu Benedicta na kila mtu wa Nyarukongo aliye hai ambaye aliwahi kututania, akamsomea ule mstari mmoja, kisha akamwomba aendelee kututania, ila ajue sasa anatamka nini. Aliutuma pia kwa mdogo wake, mwalimu mkuu mstaafu, na kuuliza kama sentensi ya pili ina kosa lolote la sarufi. Haina.

Mwezi Juni 2025 hali yake ilianza kudhoofika, akalazwa hospitali ya kusini mwa jiji. Alipopangiwa kipimo "halv nio" alimwomba muuguzi aandike pia kwa Kiswahili, na muuguzi, msichana mwenye subira, aliandika kama alivyoelekezwa. Karatasi hiyo imehifadhiwa. Aliaga dunia kwa utulivu siku ya Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na minane, miezi saba na siku kumi, mkewe akiwa ameshika mkono wake wa kushoto na binti yake ule wa kulia.

Ilikuwa saa tatu asubuhi kwa hesabu yetu, hapa Stockholm. Muuguzi aliandika klockan nio. Mama Colombe alipiga simu Musoma mara moja, akasema, "Beau-frère, Déo ametuacha. Saa tisa." Kwa Musoma ilikuwa saa nne asubuhi. Mdogo wake alitazama ukutani, akamjibu, "Shemeji, saa tisa bado haijafika." Na kwa muda wa pumzi moja, kwa hesabu halali kabisa, marehemu alikuwa bado na saa tano za kuishi. Kisha Mama Colombe akasema polepole, "Ya kwetu imefika."

Ameacha mjane, Mama Colombe Ngalula, binti, Rebecka, mjukuu, Aida, dada yake, Benedicta, aliyeko Nyarukongo na anayesikiliza kwa simu, mdogo wake, Method, na mtani wake, Bwana Khalfan, ambaye anadai kuhesabiwa miongoni mwa ndugu na kwa mara ya kwanza hakuna wa kumpinga. Kwa wosia wake, jiwe la kaburi litaandikwa jina lake, miaka yake, na maneno haya: *Mwana wa Saa Tisa*.

Kama ilivyochapwa katika jalada la ratiba hii, tunamzika leo Ijumaa, tarehe 7 Novemba 2025, hapa Skogskyrkogården, saa tano asubuhi kwa hesabu ya Nyarukongo, kl. 11.00 ya Hagsätra, saa kumi na moja ya Lubumbashi. Familia inawahakikishia wageni wa Kiswidi kwamba ni mazishi mamoja.

Deusdedit aliijua ile sheria yote, lakini aliupenda zaidi utaratibu uliokuwapo kabla yake, ambapo watu waliketi pamoja na kila mtu akaitwa shauri lake lilipofikiwa. Tunaamini kwamba huko alikokwenda hawakuurekebisha. Mzee wake amekaa akimngoja, na karatasi zote zilizobaki zimewekwa kwa ajili ya msomaji mmoja. Ameitwa mara moja tu, na ameitika. Apumzike kwa amani, hakuchelewa.